Ndiyo Niliyokujibu Mteremkoni

Kaka yangu Magesa,

Waliokusema walikusema hadharani: sokoni, kisimani, na mbele ya kanisa siku tuliyokuzika. Basi na mimi nakuandikia hadharani, anayetaka kusoma na asome. Neno hili nimekaa nalo mwaka wa sita sasa. Limenikondesha, na waliokuwa wakiniona nakonda walidhani ni majonzi tu.

Nafanya kazi Musoma mjini, kwenye ofisi ndogo inayowatembeza wageni kwa baiskeli. Ungecheka sana. Watu wanapanda ndege kutoka mbali kuja kupanda vilima ambavyo wewe ulivilaani kila siku ya Mungu. Wanavaa kaptura za kubana na kofia ngumu, wanasimama kupiga picha nyua za Butiama, zile ambazo babu zetu walipanga jiwe juu ya jiwe ili ng'ombe wasitoke. Wanaviita vijiji vya mawe. Mwezi uliopita mkuu wangu wa kazi aliniagiza niandike maelezo ya njia: kuanzia Mugango ziwani, kupanda Butiama, kushuka Buswahili kwenye bonde la Mto Mara, kisha kuzunguka hadi Bunda. Alisema ananipa mimi kwa sababu naijua. Nilijifunzia njia hiyo nyuma ya mgongo wako, kaka, lakini hilo sikumwambia.

Unakumbuka tulivyokuwa tunaanza? Unafika Mugango mapema, unachagua dagaa na kayabo, yule sangara wa chumvi ambaye mama alisema ananuka hadi kwenye rozari yake. Unajaza matenga mawili, unayafunga kwenye keria kwa mipira ya tyubu, halafu unaitikisa baiskeli kama mtu anayemwamsha mlevi. Ikikataa kuyumba unasema, "Twende." Mimi nilipofunga shule ndipo nilipopata zamu ya baiskeli ya pili, ile ya bluu isiyokuwa na kengele, na kazi yangu ilikuwa maji ya kunywa, pampu na maneno. Ulisema bila maneno yangu vilima vinakuwa virefu. Ulikuwa unanisifu hivyo huku unahema, jasho linadondoka kwenye bomba la baiskeli.

Kupanda kulitutesa ila hakukututisha. Kilichotutisha ni kule kushuka kuelekea Buswahili. Breki za baiskeli haziwezi kushika mzigo ule, kila mchuuzi anajua. Kwa hiyo ulikata tawi bichi la mti, ukalifunga nyuma kwa kamba, likawa linaburuta chini na kukupunguzia mwendo. Hata hivyo ukishaanza kushuka umeshaanza, husimami mpaka bondeni. Katikati ya mteremko kuna kona yenye jiwe kubwa kuliko nyumba yetu, na baada ya jiwe barabara inabanwa na karavati. Hapo hapapiti gari na baiskeli kwa pamoja. Ndiyo maana wachuuzi walishuka wawili wawili: asiye na mzigo anatangulia hadi kwenye jiwe, anachungulia, na mwenye mzigo anauliza kutoka juu, "Hakuna gari?" Kama hakuna, wa chini anajibu, "Ndiyo." Neno moja tu, la kutosha kusikika juu ya upepo.

Sasa niseme kuhusu majibu yangu, kwa sababu hapo ndipo penyewe. Ulinipeleka shule ya Kiingereza toka nikiwa mdogo, kwa hayo hayo matenga, na shule ilinigeuza ulimi. Mwalimu wetu mmoja alitusimamisha mbele tukimjibu kwa mtindo wa nyumbani. Kwake, jambo likiwepo ni ndiyo, lisipokuwepo ni hapana, hata swali liulizwe vipi. Nilirudi likizo nikiwa hivyo. Mama akaniuliza, "Hujala?" Nikajibu, "Hapana," nikimaanisha sijala. Mama akafunika ugali akaupeleka ndani, maana kwake nilikuwa nimemkatalia, nimeshakula. Nikabaki nimekodoa macho. Wewe ulicheka mpaka ukashika ukuta. Baadaye ulinifuata nyuma ya nyumba na kipande cha ugali na samaki kwenye sahani ya bati.

Ulinitania mwaka mzima. "We mtoto, jibuga kama watu. Usijibu kama daftari." Hukuwa unatania tu, najua. Uliponiruhusu kukutangulia kwenye jiwe ulinikalisha chini tukapatana kwamba mimi ndiyo na hapana nisizitumie kabisa. Pakiwa salama niseme "shuka", pakiwa na gari niseme "kaa". Ukanikaririsha kama mtoto wa chekechea: shuka, kaa, shuka, kaa. Likizo mbili nzima nilisema hivyo na hatukupata hata mkwaruzo.

Siku ile nilikuwa nimetoka shuleni juzi yake. Wiki tatu zilizotangulia tulikuwa kwenye mitihani ya kuongea, mwalimu anauliza, unajibu papo hapo. Kichwa changu kilikuwa bado huko. Tulifika juu ya mteremko jua limeshakuwa kali, ukafunga tawi lako, nikatangulia. Nikafika kwenye jiwe, nikachungulia. Lori la mchanga lilikuwa linapanda kutoka bondeni, liko karibu kabisa na karavati. Nililiona vizuri, kaka. Sitaki mtu yeyote anionee huruma akadhani sikuliona. Ukauliza kama ulivyozoea, "Hakuna gari?"

Nikapiga kelele, "Ndiyo!"

Nilimaanisha ndiyo, lipo. Nilikujibu kama daftari.

Nilisikia tawi likianza kuburuta. Nikajua hapo hapo. Nikapiga kelele "kaa", nikaipiga tena na tena, lakini ulikuwa umeshaipita nafasi ya kukaa. Ulinipita pale kwenye jiwe macho yako yakiwa mbele. Dereva alipiga honi na kukanyaga breki, alifanya kila kilichowezekana, na hilo pia nataka liandikwe.

Nilipokufikia ulikuwa chini ya ukingo wa karavati, dagaa wamemwagika hadi kwenye maji. Hukuonekana kuwa na jeraha kubwa. Uliniangalia ukasema, taratibu, kama mtu anayetaka kuhakikisha tu, "Si umesema ndiyo?"

Dereva alikuwa amepiga magoti upande wa pili, akasikia, akadhani umeanza kuweweseka. Tulikupakia kwenye lori lile lile. Ulikata roho kabla hatujafika zahanati, mkono wako ukiwa umeshika sketi yangu ya shule.

Walipoanza kuuliza, nilisema sijui. Nilisema nilikuwa mbele na sikuona. Nilitegemea kwamba nikitulia kidogo nitalisema kesho, lakini kesho yake walikuwa wameshapata jibu lao. Wakasema Magesa alipenda sifa za kushuka kwa kasi. Wakasema hakuuliza njia. Katekista aliyesimamia maziko aliwaambia vijana wajifunze kutokana na haraka yako, na mama, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka akilia, akaitikia kwa kichwa. Mama alikuamini wewe kuliko mtu yeyote duniani, na nilimwona siku hiyo akiacha kukuamini. Ningeweza kusimama. Nilikuwa umbali wa hatua tano. Nilitazama viatu vyangu.

Baada ya hapo jina lako halikukaa vizuri tena. Wazazi wakianza kuwakanya watoto wenye baiskeli wanasema, "Usishuke kama Magesa." Mwanao amekua akilisikia hilo. Wifi yangu aliniambia mwaka jana kwamba mtoto alirudi kutoka shule akamuuliza kama ni kweli baba yake alikuwa mjinga. Wifi alimjibu kwamba baba yake alikuwa na haraka, hilo tu. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale nakunywa chai yake, na nikaimaliza.

Kwa hiyo mkuu wangu aliponituma nipime njia, nilienda. Nilipanda kutoka Mugango peke yangu, nikapita mashamba ya mihogo, nikapita nyua za mawe ambazo nyingine zimebomolewa, mawe yake yakapasuliwa kokoto. Kile kilima cha kabla ya Butiama nilikipanda bila kushuka kwenye baiskeli, ungenisifu. Juu ya mteremko nilisimama na kidaftari changu, nikaandika: mteremko mkali, kona haionekani, mwendeshaji ahakikishe kuna mtu chini wa kumwambia kama njia iko wazi. Nilipomaliza hiyo sentensi nikafunga kidaftari. Nilikuwa nawafundisha wageni waulize, na wewe uliyeuliza unaitwa mjinga mbele ya mwanao. Nilikaa kando ya barabara nikalia kwa sauti, mama mmoja aliyebeba kuni akasimama akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo. Akanipa pole akaendelea na njia yake.

Sikuenda Bunda. Niligeuza nikaenda nyumbani moja kwa moja.

Mama alikuwa uani anachambua maharage, mwanao yuko pembeni anamsaidia kutoa mawe. Nilimwomba mtoto atupishe, mama akasema abaki, hakuna siri nyumba hii. Basi nikasema mbele yake. Nilisema yote kama nilivyokuandikia hapa, lile jiwe, lori, swali lako, jibu langu, na maneno yako ya mwisho. Mama hakunikatiza. Mikono yake iliendelea kuchambua mpaka nilipofika kwenye "Si umesema ndiyo?" ndipo ikasimama ndani ya ungo.

"Kwa hiyo aliuliza," akasema.

"Aliuliza, mama."

"Na wewe ulikuwepo siku ya maziko, unasikia."

"Nilikuwepo."

Nilitamani anipige. Halafu akamvuta mwanao karibu, akamfuta vumbi la maharage mashavuni kwa upande wa kitenge, akamwambia kwa lugha ya nyumbani, polepole, kama anavyomfundishaga sala, kwamba baba yake hakuwa na haraka. Baba yake aliuliza njia. Akamwambia arudie, na mtoto akarudia: baba aliuliza njia.

Kisha mama akanigeukia. Alikuwa analia, lakini sauti yake ilikuwa kavu. "Wewe nenda kwanza. Nikikutaka nitakuita."

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani baada ya matangazo, mwanamke ambaye hajawahi kusimama mbele ya watu, akawaambia wote. Wifi ndiye aliyenipigia kunieleza. Alisema mama alitaja jina lako mara tatu na langu hakulitaja. Katekista aliomba radhi hapo hapo. Watu walimzunguka mama nje, wakamshika mikono, kama vile umezikwa upya.

Mimi niko Musoma. Nilimwambia mkuu wangu amtafute mtu mwingine wa kumalizia ile karatasi ya njia. Simu yangu naichaji hata ikiwa imejaa. Ni Jumapili ya nne leo na mama hajaita. Wifi anasema nisiende bila kuitwa, nami namtii, kwa sababu nilikaa miaka sita nakula kwenye meza ile nikiwa mtoto mwema aliyebaki, na wewe ukiwa mtoto mjinga aliyekufa. Mama ana mtoto mmoja tu wa kumwamini, kaka, na safari hii ni wewe.

Lala. Hukukosea.

Mdogo wako, niliyekujibu.