Mkono Usiosinyaa

Jumatatu, 6 Juni 1994
Kijijini Lupepo tena. Ukungu mpaka saa nne, gari limeachwa barabarani, matope. Mzee Mwakalobo nimempima wa mwisho. Mkono wa kulia hauinuki, vidole havishiki kikombe. Wenzake waliopata kiharusi msimu mmoja naye wameanza kushika kijiko. Yeye yuko vilevile kama tulipoanza utafiti. Mwanawe Lusekelo anamlisha, anamvalisha, anamnyoosha vidole kama nilivyomfundisha. Ndivyo anavyosema.

Simwamini.

Jumatano, 8 Juni
Nimeshinda nyumba ya wageni, Bulyaga, nikipitia vipimo. Kwanza nilimshuku Tumaini, nesi anayenisaidia. Labda anapima ovyo. Nimemwuliza, amenuna. Ana haki. Vipimo vyake vya wagonjwa wengine viko sawa.

Anabaki Lusekelo. Mwanamume mwenye nguvu zake, alikuwa fundi mitambo kiwanda cha nguo Dar, sasa amekaa tu kijijini na baba asiyepona. Kuna shamba la chai. Siku hizi wanunuzi binafsi wanazunguka huku wakiuliza hili la nani, lile la nani. Mzee akibaki hivi, atakayeuza ni nani? Nimewahi kuona watoto wa namna hiyo.

Ijumaa, 10 Juni
Nimemvua mzee shati mwenyewe. Nilikuwa natafuta michubuko, alama za kamba. Hakuna. Nilichokuta kimenitisha zaidi. Mkono usiotumika muda wote huu husinyaa, na kiganja hulainika. Wake umejaa. Kiganja kina sugu. Nilipoubonyeza, akatazama pembeni. Lusekelo alikuwa jikoni anampikia uji.

Nikamvalisha shati, nikaaga. Njiani hata Tumaini sikumwambia nilichokiona. Nani ananichezea?

Jumamosi, 11 Juni
Nimekwenda bila kuwaarifu, peke yangu, nikijua Lusekelo yuko sokoni. Nimepita migombani kama mwizi. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyopita.

Mzee alikuwa nyuma ya nyumba, anamenya ndizi. Kisu mkono wa kulia. Aliniona, akamalizia ile aliyoishika.

"Kaa, mwanangu," akasema.

Nikamwuliza kwa nini ananidanganya.

"Lusekelo walimpunguza kazi kule. Kiwanda kimeuzwa. Watu wakimwuliza mbona umerudi, anasema namwuguza baba. Wananyamaza, wanamheshimu. Nikipona, atawajibu nini?"

"Na kazi yangu, baba?"

"Kazi yako nimeiharibu. Nisamehe."

Nina hasira. Zaidi kwa sababu nilikuwa tayari kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kumshitaki Lusekelo.

Jumapili, 12 Juni
Lusekelo amekuja Bulyaga baada ya ibada. Nilidhani amekuja kugombana. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. Jirani aliniona migombani jana, akamwambia.

"Profesa, usimwambie baba kwamba najua."

Anajua tangu Pasaka. Alimwona anapasua kuni. Alinyamaza kwa sababu yeye mwenyewe hajui atafanya nini siku baba akisimama. Alisema hivyo akitazama sakafu.

Nilimkaribisha chai, akanywa, akaondoka.

Jumanne, 14 Juni
Nimemtoa mzee kwenye utafiti. Nimewaambia wote wawili kwamba sitakuja kumpima tena. Sababu sikuitaja, wala hawakuuliza.

Nilipoaga, mzee akanipa mkono. Wa kulia. Akanishika sawasawa mbele ya mwanawe. Sijui alisahau au alichoka.

Lusekelo aliutazama ule mkono, kisha akaingia ndani. Akatoka na majembe mawili. Moja akaliegemeza ukutani karibu na baba yake, akateremka shambani bila kugeuka.

Sikungoja. Ukungu ulikuwa umeshaondoka, nikashuka barabarani taratibu.