Usimwache Festo Alime Kilima cha Chikanda

Katoro, Geita

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia wewe kwanza, kisha magoti yako, maana baridi ya Makete naijua. Yanaendeleaje? Na kile kikohozi? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na jua la huku limeniunguza hadi ukiniona utauliza huyu mtoto wa nani. Kaka Festo, wewe unayemsomea Mama barua hii, nakusalimu pia. Soma neno kwa neno, hata pale nitakapokusema.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hatuongei, Mama. Ukinisikia tu unauliza kama nimekula, halafu unampa simu jirani anisalimie, salio linakwisha. Jumapili Festo aliniambia umekubali alime kile kilima cha chikanda apande viazi mvua zikianza, eti ardhi imekufa, mwaka wa tatu huu haijatoa ua. Nakuomba usikubali. Nisikilize hadi mwisho ndipo uamue.

Unajua nilikuja huku kupikia wachimbaji. Mwaka jana niliacha masufuria, sasa nafanya kazi kwenye kitalu cha miche cha Mama Kabula, Msukuma wa Tinde aliyefanya kazi ya misitu hadi akastaafu. Tunaotesha miti ya kupanda kwenye machimbo ya dhahabu yaliyoachwa. Ni mkali, lakini ana utu. Asubuhi nikimsalimu "Mwangaluka" kwa Kisukuma changu cha kuokoteza, anacheka hadi anashika kiuno, kisha ananituma maji.

Nyuma ya kitalu kuna kipande cha pori ambacho jembe halijafika. Mvua zilipokolea nikaona maua yamesimama kwenye nyasi, nikapiga kelele: chikanda! Si ile yetu hasa, ila ni ndugu yake. Mama Kabula anaiita okidi. Nikamwambia hii niachie mimi, nimekua nayo. Maganda yalipokauka nikakusanya mbegu. Si unazijua zilivyo, vumbi tupu, ukipiga chafya umepoteza shamba. Nikaandaa tuta kama la kwetu: udongo nimechekecha, majani yote nimetoa, mbolea nimeweka, na kila wiki napuliza dawa ya ukungu kama tunavyopulizia viazi. Nilijiona mtaalamu, we acha tu! Miezi ikapita, hakikuota kitu.

"Umepuliza nini hapa?" Mama Kabula akaniuliza.

"Dawa ya ukungu," nikajibu, kifua mbele.

"Yaya, yaya!" Ndivyo wanavyosema hapana. "Umemuua mlezi, halafu unangoja mtoto akue?"

Akanikalisha chini kunieleza. Punje ya hindi imefungiwa chakula chake ndani, lakini mbegu ya okidi haina hata chembe. Inakaa udongoni ikingoja ukungu wa aina yake, nyuzi nyembamba kuliko unywele, ziingie ndani yake. Ukungu ule unakula majani yaliyooza, na kile unachopata ndicho mbegu inachokula. Kwa hiyo mtoto wa okidi analelewa chini ya udongo, hata mwaka na zaidi, hajatoa jani. Akishatoa jani ndipo anaanza kujitafutia kwa jua, na bado wengi hawaachani na ukungu wao hata ukubwani.

"Na yeye anaulipa nini?" nikauliza.

"Wengine wakikua wanarudisha sukari kidogo. Wengine hawarudishi kitu."

Niliona kama ananisema mimi.

Kumbe Mama Kabula mwenyewe alikuwa ametwaa mbegu kidogo, akazifunga kwenye kitambaa cha kuchujia, akazizika ubavuni mwa okidi kubwa, palepale kwenye majani yanayooza, kwa sababu ukungu wake umejaa hapo. Mvua za mwaka huu tulifukua. Lile vumbi lilikuwa limevimba, vipunje vyeupe kama chenga za mchele, na vitatu vimeanza kuchomoza ncha. Nililia, Mama. Mama Kabula akadhani nimeumwa na siafu.

Nililia kwa sababu ya kilima chako. Wewe ulitufundisha kuchimba vile viazi vya chikanda vya kula mbegu zikishapukutika, kuacha vile vidogo, na kurudishia shimoni udongo na majani yake. Mwaka ule ulipokwenda kumuuguza shangazi, alikuja mnunuzi wa chikanda kutoka mpakani. Nilichimba kilima kizima, vikubwa kwa vidogo, mbegu hazijakomaa, na mashimo nikayaacha wazi. Hiyo ndiyo nauli iliyonileta Geita. Uliporudi nikakwambia ni vijana wa kijiji cha pili. Ukawalaani mbele yangu, na mimi nikaitikia. Nisamehe, Mama. Ardhi yako haina kosa, ni mimi.

Sasa sikia. Kule juu kwenye miamba sikufika, niliogopa kuanguka. Kama imebaki hata moja inayochanua pale, upepo unashusha mbegu zake kila mwaka, na huenda nyingine sasa hivi ziko chini zinalelewa. Mama Kabula hakuniahidi, alisema huenda. Lakini jembe likipita zitafukuliwa, na dawa ya viazi itamaliza ukungu uliobaki. Hapo hata "huenda" haitakuwepo.

Festo, sikulaumu. Una watoto wanne na viazi ndivyo vinavyowasomesha. Lile shamba la bondeni Baba alilonigawia mimi, lichukue. Sikukopeshi, ni lako, na Mama ndiye shahidi. Kilima kiache na nyasi zake, majani yake yasichomwe, mbuzi wasipande.

Msalimie shangazi, mwambie nashukuru alipona. Msalimie wifi na watoto wake wote, na jirani anayepokeaga simu yangu. Mama Kabula naye anakusalimu, anasema mtu aliyejua kurudishia majani shimoni bila kusoma misitu angependa kumwona.

Wale vijana wa kijiji cha pili siwezi kuwatumia salamu. Nenda kwao, Mama, uwaondolee ile laana, na wakiuliza ni nani basi aliyechimba, wape jina langu.

Mwanao, kama bado utaniita hivyo,
Tumaini