Nani Aliyeanza Kusema

Selkirk, 3 Februari 2006

Shemeji Gethin,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi tu wazima, ila dada yako Nerys ana mafua na anailaumu Uskoti nzima. Wewe je, vidole vya mguu ulivyobakiwa navyo vinasemaje na baridi hii? Dada yako ameniambia umenunua madume wawili wa kondoo bila kumwuliza mtu. Nimemjibu kwamba hayo si mageni kwangu, nilishawahi kuwa chini ya amri yako.

Naandika barua kwa sababu kwenye simu, kila tukiligusa jambo hili, unakumbuka ghafla kuna lango umeliacha wazi. Barua huwezi kuikata.

Morwenna amenipigia. Mtoto wa Denzil Tregear, yule aliyekuwa na miaka saba tulipomzika baba yake. Sasa ni Luteni. Mwezi uliopita walimpeleka kozi ya kupanga doria za upelelezi, wiki mbili. Siku ya nne mkufunzi akawaonyesha mfano: doria ya watu wanne, jangwani, Januari 1991. Majina yameondolewa. Kamanda ni G, mshika redio ni A, halafu kuna askari O na askari D. Mpango mzuri, akawaambia, ulioharibiwa na utovu wa nidhamu wa mtu mmoja. D alitoka mafichoni mchana bila amri, mchungaji akamwona, malori yakaja, D akauawa. Kisha akauliza: kosa la D lilikuwa nini?

Morwenna aliitambua tarehe. Zamu yake ilipofika akajibu, "Hakuwa na subira." Mkufunzi akasema vizuri sana. Jioni akanipigia: "Anko Alasdair, ni kweli baba ndiye aliyewaponza?"

Nilimwambia nitamwuliza aliyeandika ripoti ya doria ile. Ndiyo maana nakuuliza. Kila Mei wewe ndiye mgeni wao, unasimama mbele ya kozi na kuusimulia mfano huo. Mei hii ameomba ruhusa aje akusikilize. Kabla hajafika, mimi na wewe tuelewane: tulipanga vizuri, au la?

Shemeji yako,
Alasdair


Tregaron, 14 Februari 2006

Shemeji Alasdair,

Barua yako imefika. Mpe Nerys pole ya mafua, na wewe nakupa pole ya raga. Niliwatazama Jumapili tulipowafunga. Mtu akitolewa uwanjani kwa kumpiga mwenzake teke kichwani, msimlaumu mwamuzi. Mimi niko salama. Vidole saba nilivyoachiwa na baridi ya jangwani vinatosha kwa mtu mwenye shughuli zangu.

Swali lako lina jibu. Tulipanga vizuri.

Kazi ilikuwa kuhesabu malori kwenye ile barabara kwa siku kumi. Ili uhesabu malori sharti uyaone. Korongo nililolichagua lilikuwa mita mia tisa kutoka barabarani, lina kingo, lina kivuli. Mahali pengine palipopendekezwa ni yale machimbo ya mawe juu ya kilima, kilomita nne nyuma. Kutoka kule tungehesabu vumbi. Karatasi ya idara ya ujasusi ilisema wafugaji wote wameondoka eneo hilo tangu Desemba kwa ajili ya vita. Sikuitunga mimi karatasi hiyo. Helikopta nayo ililetwa siku moja kabla ya wakati. Ulikuwepo. Uliona tulivyoharakishwa.

Siku mbili tulilala korongoni na hakuna aliyetuona. Siku ya tatu Denzil akasimama. Niliandika: "Askari Tregear alitoka mafichoni bila amri, akaonekana." Nitajie neno moja hapo lisilo la kweli.

Denzil nilimpenda. Ni mimi niliyemchagua aje. Lakini nimefundisha vijana kwa miaka tisa kulala chini na kunyamaza, na kuna walio hai leo kwa sababu walilala chini wakanyamaza. Morwenna ni askari. Mwambie baba yake alikuwa mtu jasiri aliyefanya kosa moja. Jeshi zima lina watu wa namna hiyo.

Shemeji yako,
Gethin


Selkirk, 21 Februari 2006

Shemeji,

Nerys amepona na anakusalimu. Amesoma barua yako, akasema, "Huyo ni kaka yangu kabisa, anajibu swali ambalo hakuulizwa." Ya raga tuyaache.

Hakuna neno la uongo katika sentensi yako, ila umeianzia katikati. Nitaianzia mwanzo.

Unaikumbuka desturi ya kikosi. Kabla doria haijatoka, vyeo vinawekwa chini na watu wanakaa kikao. Mdogo kazini ndiye anayeanza kusema, kamanda anamaliza. Wewe ndiye uliyenifundisha sababu yake: mkubwa akitangulia, wadogo hawatasema wanachokiona, watasema anachotaka. Ulikuwa unanirudia maneno hayo kila wiki.

Mimi nilikuwa mshika redio, na mshika redio huandika. Daftari lile lilitakiwa lichomwe. Sikulichoma. Ukurasa wa kikao una mistari minne kwa penseli, nainakili kama ilivyo.

"8.10 mchana. G: korongo. Karibu na barabara, kivuli. Dakika 14.
A: sawa.
O: sawa.
D: hizi ni njia za kondoo?"

Hakuna mstari wa tano. Saa nane na nusu tulikuwa tunafunga mizigo.

Siku ile ulianza wewe, ukaongea dakika kumi na nne. Denzil, mdogo kuliko wote, akawa wa mwisho. Alishika ile picha ya angani karibu na pua, akaweka kidole kwenye mistari myembamba iliyokusanyika pale pale korongoni, akasema, "Sajini, hizi kwetu tungeziita njia za kondoo. Zinaenda kwenye maji." Ockenden akamwambia, "Mkulima ameona kondoo, mpeni pembe apulize." Tukacheka wote. Mimi pia nilicheka. Wewe ukatazama saa, ukasema wafugaji wameondoka, imeandikwa. Kondoo, shemeji, hawasomi karatasi za idara.

Siku ya tatu ule mlio wa kengele uliusikia kabla yangu. Kondoo jike mwenye kengele alikuwa anashuka moja kwa moja kwenye dimbwi, na sisi tulikuwa tumelala kati yake na maji. Kundi zima lilikuwa nyuma yake, na mchungaji nyuma ya kundi. Dakika tatu zaidi wangetukanyaga. Denzil alisimama kumgeuza yule wa mbele, kwa sababu ukimgeuza wa mbele wote wanageuka. Na aligeuka. Mchungaji alimwona Denzil, ni kweli. Angetuona wote wanne.

Kwa hiyo nami nakuuliza swali la mkufunzi. Ungekuwa unajibu kwenye ile kozi, kosa lilifanyika siku ya tatu, au saa nane na dakika kumi?

Jambo moja la mwisho. Denzil alikulia kwenye shamba Cornwall. Mimi nimekulia juu ya duka la viatu, sikujua njia ya kondoo inafananaje. Wewe ulizaliwa zizini.

Shemeji yako,
Alasdair


Tregaron, 27 Februari 2006

Alasdair,

Ninyi mmeamkaje, sisi tumeamka.

Ulisema "sawa". Imo kwenye daftari lako, mstari wa pili. Ulikuwa na kinywa na ulikuwa na haki ya kukitumia. Umekaa na karatasi hiyo miaka kumi na tano, ukala nami Krismasi kumi na tano, leo ndiyo unaitoa.

Nina kondoo mia mbili wanaokaribia kuzaa. Usiniandikie mpaka wamalize.

Gethin


Selkirk, 30 Machi 2006

Shemeji,

Natumaini kazi ya kuzalisha inaenda vizuri na unapata walau saa nne za usingizi. Najua uliniambia nisiandike. Hii ni fupi.

Ni kweli nilisema sawa. Nimemwambia Morwenna hivyo hivyo, kwamba mimi ni mmoja wa watatu waliomwacha baba yake peke yake kwenye kikao, na kwamba nilinyamaza miaka yote kwa sababu nilioa dada yako na nilitaka Krismasi zenye amani. Akauliza kama bado nina daftari. Nikamwambia ninalo. Akasema, "Basi usinipe mimi. Mpe yeye."

Ndani ya bahasha hii umo ukurasa wenyewe. Nimeukata kwa wembe. Sikutoa nakala. Ukiutia motoni, hakuna mwingine, na somo lao litaendelea kufundishwa kama lilivyo mpaka sote tufe. Sitakulaumu kwa barua wala kwa simu.

Yeye atakuwa darasani tarehe 19 Mei. Hatakuuliza kitu.

Shemeji yako,
Alasdair


Tregaron, 21 Mei 2006

Shemeji Alasdair,

Habari za huko? Kwangu ni njema. Wanakondoo mia tatu na sita, nimepoteza kumi na mmoja, hesabu ambayo si mbaya kwa mwaka wenye theluji ya Aprili. Mwambie Nerys wale madume wawili wamelipa gharama yao, na kwamba angekataa nisingewanunua, kwa hiyo nilifanya vizuri kutomwuliza. Huo ni mzaha. Nusu yake.

Nakueleza ya Ijumaa kwa utaratibu, maana najua utataka kuandika.

Walikuwa wanafunzi ishirini na wawili, mkufunzi na Meja wa chuo. Morwenna alikaa safu ya nyuma, upande wa dirisha. Ana kidevu cha baba yake, na kama baba yake hawezi kukaa bila kutikisa goti.

Sikusimulia. Niliweka ile picha ya angani ukutani, nikawapa kazi ile ile: barabara, siku kumi, watu wanne, karatasi ya idara. Nikawaambia mimi ndiye kamanda wao na wana dakika arobaini. Kisha nikaongea. Dakika kumi na nne, nilijipima kwa saa. Korongo, kivuli, mita mia tisa. Nilikuwa mzuri, Alasdair. Nimelisema jambo hilo mara nyingi, nalijua. Nikamaliza, nikauliza nani ana wazo jingine.

Hakuna. Watu ishirini na wawili, na kila mmoja ana shahada ya kitu fulani. Mmoja akasema kweli korongo ndilo lenyewe, afande, ila angeongeza maji kidogo.

Nikawatoa nje wakanywe chai. Waliporudi nikasema tunaanza upya, na mara hii mdogo wenu aanze, mimi sitafungua mdomo. Mdogo wao ni binti mmoja anaitwa Harriet, miaka ishirini na mbili, wa Norfolk, aliyekuwa ameandika mawazo ya wengine asubuhi nzima. Alisimama, akaisogelea picha. Nilitazama saa yangu tena. Sekunde hamsini.

Akasema, "Samahani afande, hizi si njia za mifugo?"

Nikamwuliza asubuhi alikuwa wapi. Akasema, "Niliziona asubuhi, afande. Lakini ulikuwa umeshasema."

Kisha nikawaambia D alikuwa nani, jina lake lote, na kwamba alisema maneno hayo hayo saa nane mchana kabla hatujapanda helikopta, na kwamba kamanda alikuwa ametangulia kusema kwa sababu alikuwa na haraka na alijiamini. Nikawaambia kamanda huyo naye alikuwa ameziona. Hilo hukuliandika kwa sababu hukulijua. Niliziona nikiwa bado sijafungua mdomo, nikajiambia ni Januari, ni vita, kondoo hawapo. Mtu aliyezaliwa zizini. Baada ya kulitaja korongo mbele yenu ninyi watatu, nilikuwa na mpango wa kuutetea, sikuwa tena na picha ya kuisoma. Kuhusu siku ya tatu nikawaambia kondoo wa mbele aligeuka, na kwamba malori yalipokuja yalimfuata yeye aliyeonekana, na kwa dakika arobaini alizotupa hivyo, watatu tulitoka.

Bado nasema machimbo yalikuwa mbali mno na barabara. Tungeweza kubishana siku nzima juu ya hilo, na pengine ningeshinda. Ila hatukubishana.

Meja aliniambia nitoe maelezo kwa maandishi. Nilikuwa nimeshayaandika, yalikuwa mfukoni. Ile sentensi ya ripoti itabaki, maana ni ya kweli, ila sasa ina nyingine kumi na moja mbele yake. Aliuliza kama nitakuja na kwenye kozi ya Oktoba. Nikasema nitakuja, lakini wanipange mwisho.

Morwenna alinisubiri kwenye maegesho. Sikujua nimwite Luteni au mwanangu, nikamwita yote mawili. Akasema, "Anko, baba alikuwa anachekesha? Mama anasema alikuwa anachekesha sana." Nikamwambia alikuwa anachekesha mpaka tunamwomba anyamaze, na kwamba kwenye kikao kile sisi ndio tuliocheka, yeye hakuwa anatania.

Ule ukurasa sikuuchoma. Nilikaa nao wiki saba kwenye droo ya dawa za kondoo, ndiyo maana ulikuwa unanuka dawa. Alhamisi, kabla ya kuondoka, nimeujazia mstari wa tano. Nimetumia kalamu ya wino, ili isionekane kama niliandika siku ile, nikaweka na tarehe ya siku hiyo ya Alhamisi:

"G: Ndiyo, Denzil, ni njia za kondoo. Tunapanda machimboni."

Nimempa yeye. Hakuusoma mbele yangu. Aliukunja mara mbili, akautia ndani ya kofia, mahali Denzil alipokuwa akiweka sigara zake, akaendesha gari akaondoka.

Juni tunakata manyoya. Njooni nyote wawili. Tutakaa kupanga kazi mezani, na Nerys ndiye mdogo.

Shemeji yako,
Gethin