Onyo la Tano

Jumamosi, 13 Oktoba 1984

Leo mchana, wali bado umo mdomoni, Nasor kaniambia anataka kuoa mke wa pili. Hakusubiri hata nimeze. Msichana ni Shukriya, binti wa Mzee Muhanna wa kijiji cha Samad. Miaka ishirini na mbili. Nikamuuliza mimi nimekosa nini. Akachambua mfupa wake kwanza, kisha akajibu.

"Hujakosa kitu, Fakhriya. Lakini ukifungua mdomo mbele ya watu, Kiarabu chako kinanitia aibu."

Kiarabu changu! Yeye Mpemba wa Konde, mwaka wa kwanza tulipofika Ibra, huku Uarabuni, alimwambia mkubwa wake kuwa kazi yake ni *rakhis*. Alitaka kusema rahisi. Kumbe kamwambia mtu mzima mbele ya wenzake kuwa kazi yake haina thamani. Nani alikwenda kumwombea radhi kwa mke wa yule bwana, na sinia ya sambusa kichwani? Mimi. Na Kiarabu changu hichohicho.

Nikampakulia wali mwingine.

Jumapili, 14 Oktoba

Makubwa! Kumbe kuna zaidi.

Mzee Muhanna hakukataa, lakini kaweka sharti. Kamwambia kwao mwanamme huja na nyama aliyoiwinda mwenyewe. Paa. Si mbuzi wa soko. Watu barazani wakacheka, mmoja akasema nyinyi wa Zinjibar mlikuwa mkiwinda karafuu. Nasor kanisimulia haya huku mishipa ya shingo imemsimama. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Miaka kumi na moja tuko hapa, kamba bado anayo.

Sasa, paa serikali imepiga marufuku kumwinda. Bunduki ikilia, walinzi wanaisikia mabonde matatu. Ndipo Marhoun, mwenzake wa kazini huko baladia, manispaa yao, akamwambia habari za upinde uliolazwa juu ya kitako cha bunduki. Wenyewe wanauita krosbo. Unafyatua na hakuna anayesikia. Duka liko Dubai, na Marhoun huenda kila mwezi. Kamletea kitabu cha picha, chote Kiingereza.

Na nani ajuaye Kiingereza nyumba hii? Nani aliyesomesha Tabora miaka sita? Yule anayemtia aibu.

"Nichagulie wewe," kaniambia. "Wewe una macho ya kusoma."

Yaani mimi nimchagulie chombo cha kunitafutia mke mwenza! Nikamwambia haya, lete kitabu.

Jumatano, 17 Oktoba

Siku tatu tunachagua. Tumekaa bega kwa bega mkekani mithili ya maharusi. Tangu lini hajakaa nami hivi? Sijui. Ananukia ubani na mimi namchukia, na bega langu halikuondoka.

Ziko tatu. Ndogo ya kushika kwa mkono mmoja, ya kupigia makopo. Ya kati, ya mbao, nzuri kwa macho. Na kubwa, nyeusi, mbele ina chuma cha kukanyagia ukivuta ugwe.

Kila moja imeandikwa namba: hamsini, mia, mia na hamsini. Ratili. Nasor kaona namba, akadhani ndio uzito wa mnyama! Paa hafiki ratili hamsini, kasema, basi ile ndogo inatosha, ya nini kubeba chuma. Nikauma ulimi. Zile ni nguvu za ugwe, mjinga wewe. Ningemwacha tu! Afike Samad na kitu cha watoto, wale mabwana wacheke mpaka vilemba viwaanguke.

Nimelifikiria jambo hili siku nzima nikichambua choroko. Kisha nikaona hapana. Kicheko ni cha siku moja. Kesho yake wanamwozesha kwa huruma.

Mishale nayo ni mambo. Kamuuliza imamu, imamu kamwambia ukipiga bismillahi na mshale ukatoboa kwa ncha, kula. Ukimpiga mnyama ubavu wa mshale akafa kwa kishindo, huo ni mzoga. Kwa hiyo ncha za chuma, za makali matatu. Mpenda haramu anatafuta halali! Sheria ya serikali anaivunja, ila nyama iwe safi.

Nimemwambia achukue ile kubwa. Nimemwambia hizo nyengine ni za wanawake wa Kizungu. Hapo hakuuliza tena.

Alhamisi, 1 Novemba

Imefika. Nzito, baridi, inanuka mafuta. Nasor kaibusu!

Akaikanyaga, akavuta ugwe. Wapi! Akavuta tena, uso umekuwa bilingani. Mara ya tatu akajamba. Nikakimbilia jikoni, nikajiziba mdomo kwa upindo wa leso. Mara ya nne, kwa glavu za kazini, ukashika. Mshale umetoboa mlango wa stoo ukatokea upande wa pili.

Halafu kanipa kijitabu cha maelezo. Nisomee, kasema, neno kwa neno. Mimi nasoma, yeye anarudia kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Yako maonyo saba. La kwanza, usifyatue bila mshale. La pili, usimwelekezee mtu. La tatu, kagua ugwe. La nne, usiiache imevutwa.

La tano, kidole gumba cha mkono unaoshikilia mbele kikae chini daima. Ugwe unapita juu ya mbao ile kwa nguvu zote. Kikijitokeza juu, unakichukua. Limeandikwa kwa wino mwekundu, na picha ya mkono.

Nikapumua. Nikasoma la sita.

Sikupanga. Wallahi sikupanga, ulimi uliruka wenyewe. Lakini Nasor hajui kusoma, kuhesabu anajua. "Mbona hapa pana saba, umenipa sita?" Nikamwambia la mwisho ni anwani ya kiwanda. Na ile picha ya mkono? Nikamwambia inaonyesha pa kushika.

Akanishukuru. Kaniambia, wewe ni mke mwema.

Jumanne, 6 Novemba

Kila jioni anafanya mazoezi uani. Kwa kuwa ni nzito anaiegemeza juu ya gunia la mchele, mkono wa kushoto anaukandamizia chini ya kitako. Kidole kiko salama. Mimi nafua, namtazama. Huko bondeni hakuna gunia. Huko ataishika mbele, kama bunduki, gumba juu.

Anapiga vizuri sasa. Paa wa maboksi kamchora kwa makaa na kumtoboa shingo.

Leo kapiga simu mjini Sur kutoka ofisini. Kamwomba mdogo wangu Zuhair aje na gari lake, wende pamoja. La kwake limekufa giaboksi. Lakini gari ni kisingizio tu. Anataka watu wa Samad wamwone ndugu wa mke mkubwa kaja kwa miguu yake, waseme ukoo wa Fakhriya umeridhia. Hapa ndipo aliponikata. Na Zuhair kakubali! Zuhair niliyembeba mgongoni mama alipokufa, nikamtafunia ndizi, nikamlipia ufundi wa saa mpaka akafungua duka lake. Ati dada, ni sharia ya Mungu.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi sijapoa.

Jumatano, 7 Novemba

Nimempigia Nasor pasi kanzu. Kaniambia niifukize udi, nikaifukiza.

Mara mbili leo nilitaka kumwambia. Mara ya kwanza alikuwa anakunywa kahawa, nikafungua mdomo. Akanitangulia: kesho kutwa wageni wa Samad wakija, nikae jikoni, nisitoke kusalimia. Dada yake, Jokha, ndiye atakayesema na wanawake.

Mara ya pili ilikuwa sasa hivi. Kaja mlangoni, kijitabu mkononi, uso mdogo.

"Fakhriya, hakuna jengine humu? Maana naona wino mwekundu."

"Hakuna. Mwekundu ni jina la kampuni."

Kidole kimoja. Hafi mtu kwa kidole. Atashikaje kalamu ya kutia saini ya ndoa? Atashikaje mkono wa Mzee Muhanna? Wacha wamcheke kwa Kiarabu safi.

Nimelala vyema siku zote hizi, na leo nitalala.

Alhamisi, 8 Novemba

*Asubuhi.* Zuhair kafika saa moja. Shikamoo dada, akanibusu kichwa. Kanenepa kidogo. Kaniletea papa mkavu na halua. Hakunitazama machoni. Nikataka kumwambia asiguse kile kitu. Lakini angeuliza kwa nini, na ningesema nini? Nikamwambia tu asijitie katika uchafu wao. Akacheka, kasema yeye ni dereva leo. Basi dereva. Nikamtilia chai ya maziwa kwenye thamosi.

Wameondoka. Nasor mbele kwa Zuhair, kakipakata kile kidude. Watampitia Mzee Muhanna Samad.

*Adhuhuri.* Jokha kaja. Wifi yangu huyu hajui kunyamaza, na leo kaja kunipoza. Mumeo ana adabu, kasema, usimwone hivyo. Kapanga mambo vizuri. Pale mawindoni Mzee Muhanna atamwambia Nasor *tafadhal*, piga. Na Nasor hatapiga. Hapigi mtu wa kwanza mbele ya mgeni, hiyo ndiyo adabu ya hapa. Atampa shemeji yake.

Nikamuuliza shemeji yupi.

"Shemeji yupi tena! Zuhair. Mshale wa kwanza ni wake. Kukuheshimu wewe, wifi."

Nimeishi nchi hii miaka kumi na moja. Kahawa ikija, kila mtu anampa mwenzake. Mlangoni watu wanasimama robo saa, tafadhal wewe, hapana, tafadhal wewe. Nimeyaona haya kila siku na sikuyafikiria. Nilifikiria kama mtu wa Tabora, mwenye upinde ndiye apigaye.

Na Zuhair hakufanya mazoezi hata siku moja. Hata hayo maonyo sita hakuyasikia.

Nikatoka bila ya kufunga mlango. Barabarani nikasimamisha teksi, nikamwambia Samad. Akaniuliza Samad wapi. Bondeni, nikasema. Bonde gani, mama? Yako mengi. Kiarabu kikanitoka chote, sikupata hata neno moja, nikabaki nasema Kiswahili na yule mzee ananitazama kama mwendawazimu. Akaondoka. Ya pili haikusimama.

Jokha bado yumo uani, anauliza nimepatwa na nini. Nimemwambia kichwa.

*Alasiri.* Ee Mola, kiwe kidole cha Nasor. Naomba dua gani hii! Kiwe cha Nasor, au paa asionekane kabisa, warudi mikono mitupu wachekwe. Nitamwacha aoe. Nitapika mimi hiyo harusi. Nitakaa jikoni nisitoke.

Gari la Zuhair. Naliona kutoka dirisha la juu, linakuja mbio, vumbi lote. Honi haikatiki. Naandika nimesimama.

Limesimama langoni. Anayeendesha ni Nasor. Mikono yote miwili iko kwenye usukani. Nimehesabu.

Nyuma Zuhair kainama, Mzee Muhanna kando yake kichwa wazi, na kilemba chake kimefungwa kwenye mkono wa Zuhair mapajani.

Nasor ananiita. Anasema nilete barafu, barafu na kitambaa safi, na nije na kile kijitabu, nimsomee palipo na mkono.