Vidole Viwili Kutoka Nguzoni

Jumamosi, 18 Januari
Saa moja na nusu jioni. Kigoda kando ya jiwe la mpaka, mgongo ukutani mwa jiko, timazi mkononi, ile kamba yenye uzito wa chuma. Ya marehemu mume wangu, fundi mwashi. Yeye aliinyooshea kuta, mimi nanyooshea nyota. Kamba naielekeza kwenye nguzo ya kona, kule mwisho wa shamba, hatua sitini, kichwa chake cheupe kwa chokaa. Ile nyota kubwa ya kusini-magharibi, niliyoibatiza Mkongwe, hushuka wima juu ya nguzo hiyo hiyo kila jioni. Kwa hiyo kamba inapitia nguzo na Mkongwe. Kutoka kwenye kamba nahesabu vidole, mkono umenyooka, jicho moja nimefumba.

Nyotamkia: vidole vitatu kushoto. Mwanga: inamzidi Mkongwe. Mkia: ngumi moja na nusu.

Elia kaleta chai ya tangawizi, kakaa kwenye kigoda chake. Mdogo wangu wa mwisho. Nilimbeba mgongoni mama alipofariki, leo ana mvi. Shamba lake liko kulia kwa kamba, langu kushoto. Zabibu zake zimeshikwa na ukungu. Analalamika.

Jumapili, 19 Januari
Vidole vitatu na nusu. Bado inamzidi Mkongwe, ila kidogo. Kanisani mama mmoja kaniuliza kama nyota hii inaleta njaa. Nimemwambia inaleta maumivu ya shingo. Hakucheka.

Wapimaji wa ardhi wanakuja Jumatano ya tarehe 29 kuweka bikoni, kwa ajili ya hati. Wakishamwaga zege, mpaka ni huo milele. Mimi sina wasiwasi. Baba alitugawia mbele ya watu: jiwe huku, nguzo kule, kisima upande wangu. Elia anachota anavyotaka. Sijawahi kumwuliza hata ndoo moja.

Jumatatu, 20 Januari
Vidole vinne. Kila siku nusu kidole, haikosei. Mwanga: sawa na Mkongwe. Inafifia mno. Karim, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini na darubini kubwa juu ya paa lake, kaandika kwenye kikundi chetu cha simu kwamba kichwa kinamomonyoka. Kilipita karibu mno na jua. Nimesikitika kama nimefiwa.

Jumanne, 21 Januari
Mvua. Hakuna anga. Magoti yananiua.

Jumatano, 22 Januari
Mvua tena. Elia hakuja na chai. Mvua, bila shaka.

Alhamisi, 23 Januari
Sielewi. Nilitegemea vidole vitano na nusu. Nimepata vitatu na nusu.

Nyotamkia imerudi nyuma! Nimepima mara tano. Nimebadili jicho. Nimefuta miwani kwa khanga. Vitatu na nusu. Mkongwe yuko ndani ya wingu, sikuweza kuhakiki. Kitu cha mbinguni hakigeuzi njia kama mbuzi aliyeona majani. Labda kichwa kimepasuka, na ninachokiona ni kipande kilichorushwa. Nimewaandikia kikundi: imechepuka, vidole viwili, nina hakika.

Sijawahi kuona kitu kama hiki.

Ijumaa, 24 Januari
Aibu tupu. Karim kajibu: "Shikamoo mwalimu. Mbona iko pale pale inapotakiwa? Jana ulihesabu vidole vya nani?" Kikundi kizima kimecheka.

Jioni anga jeupe. Nikasema leo naanza na Mkongwe. Kamba juu ya nguzo. Mkongwe hayupo kwenye kamba. Yuko kulia. Vidole viwili.

Nimekaa. Nimekunywa maji. Nimepima tena. Viwili.

Nyota haihami. Nyotamkia haikurudi nyuma. Jiwe liko kando ya kigoda, halikuondoka. Kilichobaki ni kimoja.

Siandiki zaidi leo.

Jumamosi, 25 Januari
Nimetembea mpaka kona na fimbo yangu. Muda mrefu sijafika kule, magoti haya, na Elia anajua. Nguzo imesimama wima, chokaa mpya, kana kwamba imezaliwa pale. Udongo wake umeshindiliwa kwa miguu. Nikahesabu hatua nne kuelekea kulia. Mche wa mzabibu, umepandwa juzi. Nikachomeka fimbo kando yake. Ikazama mpaka mshikoni. Shimo la nguzo ya baba.

Hatua nne kule, vidole viwili hapa. Na kisima sasa kiko upande wa Elia.

Niliketi ukingoni mwa kisima, sikumbuki kwa muda gani. Elia! Mtoto niliyemlisha uji kwa kiganja. Amekaa kando yangu jioni zote, akiniona ninavyoilenga nguzo ile, akinimiminia chai. Angekuja mgeni kuiba ningepiga kelele. Nikachukua fimbo yangu, nikarudi nyumbani.

Jumapili, 26 Januari
Nimemwuliza baada ya ibada. Kanitazama machoni. "Dada, nguzo iko pale tangu enzi za baba. Ni umri tu, dada." Kisha kanishika mkono ili anisaidie kushuka ngazi. Kanishika mkono! Mkewe alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nilishtuka kuliko jana. Na lililo baya zaidi, nilipofika nyumbani nilianza kujiuliza kama kweli nimechanganyikiwa. Hilo ndilo gumu kumsamehe. Kisima ni maji tu.

Nikafungua daftari hili. Kurasa za tangu mwaka mpya, kila jioni yenye anga: Mkongwe kwenye kamba. Mkongwe kwenye kamba. Sijachanganyikiwa hata kidogo.

Jumatatu, 27 Januari
Nilimtumia salamu aje jioni. Kaja. Nikampa kigoda changu, timazi, nikamfunulia daftari. Kupima kwa vidole nilimfundisha mwenyewe, darasa la tatu, viboko nikampa kama wenzake.

Kanyoosha kamba juu ya nguzo. Kamtafuta Mkongwe. Kanyoosha mkono. Kahesabu vidole mara mbili, kisha kaushusha.

"Ukifa, dada, mwanao anayeishi Ipagala atauza yote. Watoto wangu watachota wapi?"

Basi. Wala samahani. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo mwingine, si kwa hilo. Mwanangu huja mara moja kwa mwaka, na akija huulizia bei ya viwanja. Elia kayaona, mimi nimeyafumbia macho. Hasira ilikuwa bado haijanitoka. Nikamwambia nenda. Kaenda.

Nyotamkia sikuipima.

Jumanne, 28 Januari
Asubuhi nguzo imerudi. Mche wa mzabibu umeng'olewa, umelazwa kando. Jioni Mkongwe kwenye kamba. Nililia kama mtoto. Nashukuru hapakuwa na mtu.

Jumatano, 29 Januari
Wapimaji walifika saa nne. Vijana watatu, shikamoo nyingi, haraka nyingi. Zege jiweni, zege nguzoni. Nikamwomba mkubwa wao achore kwenye ramani njia ya miguu mpaka kisimani, iwe ya Elia na wanawe, hata mimi nikiwa kaburini. Kauliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia achore.

Elia kasaini kama jirani. Kalamu ilimwanguka. Hakunitazama.

Jioni. Mkongwe kwenye kamba. Nyotamkia: vidole vinane na nusu, panapotakiwa. Kichwa hakuna tena. Mkia tu, hafifu, ukijua pa kutazama.

Chai nimechemsha mwenyewe, nimezidisha tangawizi. Kigoda cha Elia nilikitoa mapema. Hakuja. Sijakirudisha ndani.