Barua Pepe ya Nyumba Nzima

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe? Shemeji na watoto je? Mimi mwili mzima, ila moyo umekufa ganzi. Usishangae mvivu kama mimi kushika kalamu, sababu utaiona.

Unakumbuka ile anwani ya barua pepe uliyotufungulia sote, ulipochoka kutukumbusha nywila zetu? Tunaitumia mpaka leo. Baba anapokea habari za mpira, mimi oda za sare. Daktari wa Mama alipowaambia wagonjwa wamwandikie badala ya kupanga foleni, nikamwekea Mama hiyohiyo kwenye simu yake. Alifurahi, akawa anajifungia chumbani kuandika. Kumbe anaamini yaliyo kwenye simu yake hayaonekani kwingine.

Jana nikiwa kwenye cherehani, natafuta vipimo vya wateja, nikafungua jibu la daktari. Dada, nilibaki mguu juu ya pedali, sindano imesimama katikati ya kola. Anasema uvimbe wa titi la Mama ni saratani, bado changa, upasuaji unaweza kumponya, ila anamsihi tena asizidi kuchelewa. Chini yake kuna maneno ya Mama: daktari avute subira, mumewe ana presha, habari hii itamwangusha.

Nilifunga duka nikamfuata Baba. Nilianzia mbali, nikimuuliza habari za dawa zake, akanikatiza. Alisema barua za Mama na daktari amezisoma zote tangu ya kwanza. Alikuwa anangoja mkewe amwambie mwenyewe, hakutaka ajue kwamba siri yake imeonekana. Nilikaa chini palepale mlangoni. Wanalala kitanda kimoja, kila mmoja anamlinda mwenzake, na uvimbe unakua.

Baba anasema sisi wawili Mama atatuzungusha tu, wewe ndiye unayemweza. Nami nakubali, tangu utotoni ulikuwa askari wa nyumba hii. Nimeandika kwa kalamu kwa sababu kule kwenye barua pepe Mama angesoma kabla yako.

Ila kuna jambo limeninyima usingizi. Nywila uliitunga wewe, unayo. Dada, na wewe ulikuwa unasoma, ukanyamaza? Sikugombezi. Umesoma au hukusoma, njoo.

Nisalimie shemeji na watoto. Mama amepita hapa sasa hivi, nikamwambia nakuandikia. Amesema nikuambie yeye hajambo kabisa.

Mdogo wako,
Fundi