Picha Namba Saba

Lushoto,
8 Mei 1993

Mwanangu Marta,

Shikamoo yako imefika. Nimeiitikia marahaba kwa sauti, peke yangu mezani, mpaka kuku wakatoka nje. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linajiamulia mambo yake. Wewe na tumbo lako mnaendeleaje? Usisimame sana kwenye hizo rangi.

Sasa hili agizo lako. Nikutafutie nyumba ya kukodi siku sita tu, utundike picha zako watu wazitazame, kisha uondoke. Niliisoma mara tatu nikidhani nimeruka mstari. Mimi niliishia darasa la nne, na kodi ya siku sita hatukufika.

Basi nikavaa koti, nikachukua mwavuli wangu mweusi, ule ule uujuao, maana mtu mwenye mwavuli haambiwi asubiri nje. Nikamwendea Kornelio, mwenye funguo za ghala la ushirika, lile walilokuwa wakipimia kahawa. Ushirika umekufa, ila yeye hajaambiwa. Kila asubuhi anafungua, anafagia, anafunga.

"Siku sita?" akasema. "Zabron, nyumba ni punda, ikodiwe safari moja?"

"Siku hizi ni ruksa, Kornelio. Hata punda anauzwa mkia peke yake."

"Mtauza nini humo?"

"Picha. Kazichora mwanangu kwa mkono."

Akacheka mpaka funguo zikalia. Lakini amekubali. Kodi yake ni mimi kupaka chokaa kuta zote nne. Tunaingia Jumatatu tarehe 7 Juni, tunatoka Jumamosi jioni, kwa sababu Jumapili anaingia tajiri wa mitumba kutoka Korogwe, yeye kapangishiwa miaka miwili. Ndiyo soko huria hilo: wewe mzima siku sita, suruali za waliokufa Ulaya miaka miwili.

Ni mimi baba yako, au kama uniitavyo,
Tate


Dar es Salaam,
20 Mei 1993

Tate,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu. Huku nimejifungua salama tarehe 13, kwa kupasuliwa. Ni mtoto wa kike, ana kidevu chako, maskini. Daktari amenikataza kupanda basi miezi mitatu, kwa hiyo sitakuja. Na siku haziwezi kusogezwa.

Nisikilize vizuri. Jumamosi tarehe 12 atapita hapo Bi Mwanahawa, ndiye anayechagua mchoraji mmoja wa kupeleka kazi zake kwenye maonyesho ya Harare. Akinichagua, nitaweza kuishi kwa kuchora. Asiponichagua, narudi kuandika mabango ya mabucha.

Kasha litakuja kwa basi. Ndani mna picha kumi na moja, zimechorwa kwenye mbao. Nimezihesabu na kulipigilia kasha misumari mwenyewe. Kila moja ina namba nyuma. Namba saba itundikwe ukuta wa mbele, peke yake. Bi Mwanahawa aliiona ikiwa haijaisha, ndiyo anayoijia. Niliichora kwa masimulizi ya mama, Mungu amrehemu. Sikuambii ni ya nini, nataka uione mwenyewe.

Tate, nakuomba, katika hili usilete mzaha wako.

Mwanao,
Marta


Lushoto,
14 Juni 1993

Mwanangu Marta,

Pole na uzazi, na hongera. Mwambie huyo mwenye kidevu changu kwamba amekaribishwa duniani na aanze kuzoea kuchekwa. Mimi sijambo.

Ghala lilipendeza. Nilipaka chokaa kuta, suruali na nusu ya Kornelio. Siku ya gulio walijaa hadi mlangoni, akina mama na matenga yao ya kabichi. Mwanamisi, muuza karoti, alisimama mbele ya namba tatu akasema, "Huyu mbona ana jicho moja kubwa?" Mwenzake akamjibu, "Ndilo la kuwatazamia wadeni wake." Kornelio alisimama mlangoni na funguo mkononi, akawaagiza wote wafute miguu. Nadhani alidhani ushirika umefufuka.

Jambo moja. Namba saba haikuwemo. Baada ya sita ikaja nane. Labda ilibaki njiani, mizigo ya mabasi unaijua mwenyewe. Bi Mwanahawa alikuja Jumamosi, akazitazama zote bila haraka, akauliza ya saba iko wapi. Nikamwambia haikufika. Akaandika jina lake kwenye daftari la wageni, nilikuwa nimelitengenezea meza nzuri yenye kitambaa cha mama yako, akatushukuru, akaenda.

Nyingine kumi ziko salama kwangu.

Baba yako,
Tate


Dar es Salaam,
26 Juni 1993

Tate,

Shikamoo. Mtoto hajambo.

Bi Mwanahawa amemchagua mwingine. Kasema kumi alizoziona ni nzuri, lakini zote zilikuwa kama zinamngoja mtu ambaye hakuja.

Niliandika ofisi ya basi hapo Lushoto. Wamejibu kwamba Yohane wa stoo ya mizigo amesimamishwa kazi mpaka picha ipatikane. Nasikia ana watoto watano. Nifanye nini? Mbao nilizipanga kwa mikono yangu.

Sina la zaidi.

Marta


Lushoto,
3 Septemba 1993

Mwanangu Marta,

Salamu. Nakuuliza hali yako na ya mtoto ingawa sistahili kujibiwa. Barua yako ilikuwa na mistari michache, nimekaa nayo wiki kumi. Majibu manne niliyaandika nikayawashia moto.

Namba saba ilifika.

Niliitoa kashani jioni ya kuamkia maonyesho, Kornelio kaenda kutafuta misumari. Nilimwona mama yako kwanza. Raheli mzima mzima, anapanda kilima chetu, gunia la viazi mgongoni, kamba ya gunia kaikaza kwenye paji la uso, na wewe kichanga kifuani. Nilifurahi, nikasema kwa sauti, "Raheli, umerudi?" Ndipo nikamwona mtu aliyetangulia mbele yake. Mikono mitupu. Mwavuli mweusi kwapani. Hata goti lake ulilipatia.

Mimi ni mzee wa kanisa mwaka wa kumi na tisa huu. Nimeketi nikasuluhisha ndoa za watu, nikawaambia wanaume wawapende wake zao. Nikaliona akilini gulio zima limesimama mbele ya ukuta ule, na Mwanamisi mstari wa kwanza.

Basi nilipanga madebe manne, nikailaza juu yake kifudifudi, nikatandika kitambaa. Ndiyo ile meza nzuri niliyokusifia. Bi Mwanahawa aliweka kiwiko chake juu ya picha aliyoifuata kutoka Dar, akaniuliza iko wapi, nami nikamtazama machoni. Na kitambaa chenyewe alikidarizi mama yako.

Nilidhani nikilisingizia basi sijamsingizia mtu. Basi halina uso. Halafu uso ukapatikana. Jumapili iliyopita nilichelewa ibada, mabenchi yamejaa, mtu akasimama akanipisha nikae. Yohane. Akaninong'oneza, "Pole, mzee, kwa picha ya binti yako." Nikakaa. Mahubiri sikuyasikia.

Jana ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio. Niliifunga namba saba mgongoni, kamba nikaipitisha kwenye paji la uso kama alivyofanya yeye, uso wa picha nje, maana rangi ingechubuka. Sikujua kamba ile inauma hivyo. Inavuta mpaka macho. Nikapita katikati ya soko, na kila niliyempita akaiona vizuri. Vicheko vilikuwa vinanifuata nyuma kama kuku wafuatao mahindi.

"Zabron!" Mwanamisi akapiga kelele. "Leo umembeba nani?"

"Mke wangu."

"Na huyo mwenye mwavuli?"

"Naye nimembeba. Ndiye mzito."

Hapo hakuna aliyecheka sana.

Kwenye ofisi ya basi nilisema yote, wasafiri wakisikia. Yohane anarudi kazini Jumatatu. Alikuwa nje, wakamwita. Aliipokea picha kwa mikono miwili, akaandika hati ya mzigo, jina lako akaliandika kwa herufi kubwa. Mimi hakunitazama. Itakufikia pamoja na barua hii, na zile kumi nyingine ninazozipeleka leo.

Ningeweza kuishia hapa nikaonekana nimetubu. Lakini kuna mahali picha yako imekosea, na anayejua nimebaki mimi tu. Umepaka jua. Siku ile mvua ilitushika chini kabisa, ikatunyeshea hadi mlangoni. Mwavuli haukuwa kwapani, mwanangu. Niliufungua. Nilitembea mbele chini yake, nikawa namwambia mama yako akaze mwendo asije akalowanisha mtoto. Nilifika mkavu. Yeye alitua gunia, akakukausha, kisha akaniwekea chai.

Alikusimulia safari yote akakuficha mvua. Miaka thelathini amenifichia, mpaka kaburini. Mimi nikaona aibu ya picha iliyonionea huruma.

Ipake mvua.

Baba yako,
Zabron, kama bado unaniita Tate


Dar es Salaam,
14 Septemba 1993

Tate,

Shikamoo. Picha zimefika, zote kumi na moja. Nimezihesabu.

Bado nina hasira, na sijui itakwisha lini. Nimemwandikia Yohane kumwomba radhi. Wewe ukimwona, usimtanie.

Mvua sijaipaka. Nitaipaka huko huko, nawe umekaa mbele yangu, umenyamaza kama utaweza. Daktari ameniruhusu. Tunafika Jumamosi tarehe 25 kwa basi la jioni, mimi, namba saba, kasha la rangi, na mtoto. Hujaniuliza hata mara moja anaitwa nani. Anaitwa Raheli.

Njoo stendi utupokee. Njoo na kamba, na njoo na mwavuli. Kilimani kasha utabeba wewe. Mwavuli nitashika mimi.

Mwanao,
Marta